Punda wa Meja Chirchir

Mwanzoni mwa Novemba 2011, wafugaji na wachuuzi wa mpakani mwa Kenya na Somalia walipewa onyo ambalo nadhani halijapata kutolewa na jeshi jingine lolote la Afrika Mashariki: wasiwauzie al-Shabaab punda. Bei ya punda huko Somalia, onyo lilieleza, ilikuwa imepanda kutoka dola 150 hadi 200, na msafara wowote mkubwa wa punda waliobebeshwa mizigo ungehesabiwa kuwa wa adui. Onyo hilo halikusomwa redioni, wala halikubandikwa kwenye ubao wa ofisi ya chifu. Liliandikwa Twitter, kwa Kiingereza, na afisa aliyeweka jina na cheo chake hadharani: Meja Emmanuel Chirchir, msemaji wa Majeshi ya Ulinzi ya Kenya, KDF.

Nairobi ilicheka. Punda walipata umaarufu ambao hawakuuomba. Lakini ukiondoa kicheko, onyo lenyewe lilikuwa na mantiki. Mvua za vuli zilikuwa zimegeuza barabara za Somalia ya kusini kuwa tope. Malori ya al-Shabaab yalikwama, na yasiyokwama yalionekana na ndege. Punda hupita pasipopita lori, na kutoka angani huwezi kujua kama amebeba mahindi au risasi. Tatizo la Meja Chirchir lilikuwa jingine. Sidhani mchuuzi wa punda wa Liboi alikuwa na akaunti ya Twitter siku zile. Waliolisoma onyo walikuwa vijana wa Nairobi, wanahabari wa London na Washington, na msomaji mmoja ambaye bado hakuwa amejitokeza. Huyu wa mwisho aliwahifadhi punda wale akilini kwa mwezi mzima, akingoja zamu yake.

Msemaji wa jeshi ana wakubwa wawili wasiopatana. Mmoja ni kamanda, anayetaka adui asijue lolote. Wa pili ni mwananchi, ambaye mwanawe yuko vitani na anataka kujua yote, leo, kabla ya kulala. Katikati yao kuna mwandishi wa habari anayeangalia saa. Anayeifanya kazi hii vizuri hatajwi. Akikosea, hutajwa miaka yote.

Kwa muda mrefu eneo letu liliikwepa shida hiyo kwa njia rahisi: mwananchi hakuwa na pa kujibia. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Waingereza waliwachapishia askari wao Waafrika magazeti ya Kiswahili, miongoni mwayo Askari na Heshima, na habari zilizomo zilikuwa zimeshapita mikononi mwa maafisa kabla ya kumfikia askari. Redio nayo ilipokuja ikawa na mdomo bila sikio. Tarehe 25 Januari 1971, Milton Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, askari aitwaye Wilfred Aswa aliketi mbele ya maikrofoni ya Radio Uganda na kusoma sababu 18 za kumwondoa rais huyo madarakani. Jina la Aswa likasahaulika upesi. Kilichobaki ni cheo kisicho na mtu: “msemaji wa jeshi”. Kwa miaka minane wasikilizaji wa Kampala, Kisumu na Bukoba walimsikia msemaji huyo akitisha, akionya, akitangaza ushindi, na wengi waliamini kwamba hakuwa mwingine bali Idi Amin mwenyewe. Jambo hilo lilikuwa na faida kubwa kwake. Kauli isiyo na jina haina wa kuulizwa kesho yake.

Faida hiyo ilikuwa na mpaka. Februari 1977 Radio Uganda ilitangaza kwamba Askofu Mkuu Janani Luwum na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, walikufa katika ajali ya gari. Hakuna aliyeruhusiwa kuuliza swali, na karibu hakuna aliyeamini. Mwaka uliofuata redio hiyohiyo ilidai kwamba Tanzania imeivamia Uganda, kisha majeshi ya Amin yakavuka mpaka na kuingia Kagera, na tarehe 1 Novemba 1978 ikatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini mwa mto Kagera sasa ni ya Uganda.

Siku iliyofuata Nyerere alijibu kwa sauti yake mwenyewe, kwa maneno matatu ambayo mtoto yeyote wa shule Tanzania anayajua: uwezo, sababu, nia. Lakini tusijidanganye kwamba upande wa pili kila kitu kiliwekwa mezani. Majeshi ya Tanzania yalipoingia ndani ya Uganda, Dar es Salaam haikutaka jambo hilo lisemwe waziwazi. Nyerere alieleza kwamba kulikuwa na vita viwili, kimoja cha Watanzania dhidi ya mvamizi, kingine cha Waganda dhidi ya dikteta wao, na waandishi wengi wa kigeni waliwekwa mbali na mstari wa mbele. Kampala ilipoanguka, tarehe 11 Aprili 1979, ilikuwa sauti ya Mganda, Luteni Kanali David Oyite-Ojok, iliyotangaza kwenye Radio Uganda kwamba utawala wa Amin umekwisha. Aliyepanga nani aseme aliijua kazi yake. Ile sauti isiyo na jina ilinyamazishwa na mtu mwenye jina, mzaliwa wa nchi, katika redio ileile.

Turudi Kenya. Tangu uhuru nchi hii haikuwa imepeleka jeshi lake kupigana vita kamili nje ya mipaka. Vita vya Shifta vya miaka ya 1960 vilipiganwa ndani, kaskazini mashariki, mbali na kamera. Kisha ukaja msimu mbaya wa 2011. Septemba mtalii Mwingereza aliuawa Kiwayu na mkewe akatekwa. Tarehe 1 Oktoba mwanamke Mfaransa alitekwa Manda, ng'ambo tu ya mji wa Lamu. Tarehe 13 Oktoba wafanyakazi wawili wa misaada, raia wa Hispania, walichukuliwa katika kambi za wakimbizi za Dadaab. Hoteli za pwani zilianza kukimbiwa. Siku mbili baadaye Waziri wa Usalama wa Ndani, George Saitoti, na mwenzake wa Ulinzi, Yusuf Haji, walitangaza kwamba adui atafuatwa aliko, na tarehe 16 majeshi yakavuka mpaka. Operesheni ikapewa jina la Kiswahili, Linda Nchi.

Vita vya Kenya, basi, vikahitaji mdomo. Nairobi kulikuwa na mikutano ya mara kwa mara na wanahabari ambako Chirchir alieleza hali ya vita, na msemaji wa polisi, Eric Kiraithe, akaeleza hali ya ndani. Mkutano na wanahabari ni chombo cha zamani na maafisa walikizoea. Jipya lilikuwa simu ya Meja. Alianza kuandika Twitter moja kwa moja, herufi 140 kwa wakati mmoja, bila kumngoja mhariri wa gazeti wala mtangazaji wa saa moja jioni. Mwananchi akiwa ndani ya matatu aliweza kumsoma msemaji wa jeshi kabla hata mhariri hajafika ofisini. Na aliweza kumjibu. Hilo Radio Uganda haikuwahi kulifikiria hata kwa mzaha.

Hatari yake ilionekana mapema. Tarehe 30 Oktoba ndege za Kenya zilishambulia Jilib. Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, walisema mabomu yaliangukia kambi ya watu waliokimbia njaa. Walipokea majeruhi 45, wengi wao watoto, na wakataja watu 5 waliokufa. Maelezo ya Chirchir yalikuwa kwamba ndege zilipiga kambi ya al-Shabaab, na kwamba dereva wao aliliendesha lori la silaha lililokuwa likiwaka moto hadi ndani ya kambi ya wakimbizi, likalipukia huko. Unaweza kuyaamini au usiyaamini. Ninachokiona mimi ni kwamba hapa ndipo jeshi lilipotumia akiba yake ya kwanza ya imani, wiki mbili tu baada ya vita kuanza, kwa hadithi iliyohitaji imani nyingi mno. Punda walikuja siku chache baadaye, na dunia ikawakumbuka punda zaidi kuliko Jilib. Sijui kama Meja aliwashukuru.

Katikati ya mambo hayo mawili kulikuwa na onyo jingine, zito zaidi. Chirchir aliandika kwamba miji 10 ya Somalia ingeshambuliwa mfululizo, na akawaomba wenye ndugu na marafiki huko wawatahadharishe. Kijeshi hili linaeleweka, na sheria za vita zinawataka wapiganaji wawatahadharishe raia inapowezekana. Orodha ilikuwa na Kismayo, Jilib, Afmadow, Barawe na kwingineko. Ilikuwa pia na Baidoa, halafu tena na Baydhabo. Hayo ni majina mawili ya mji mmoja. La pili ni namna Wasomali wenyewe wanavyouita. Msomali yeyote wa Eastleigh angemsahihisha Meja kwa dakika moja, kama angeulizwa kabla, si baada.

Tarehe 7 Desemba 2011 yule msomaji aliyekuwa akingoja alifungua mlango. Al-Shabaab, kundi lililokuwa likipiga muziki marufuku na hata kutangazia watu sidiria zipi zisivaliwe, lilifungua akaunti ya Twitter kwa jina la HSM Press, na aliyeiandikia alikuwa na Kiingereza cha mtu aliyesomea Ulaya, chenye kejeli laini na nukta zilizowekwa pale zinapopaswa. Kwa wiki nzima wanahabari walikuwa wakiulizana ni nani huyu. Meja Chirchir alifanya jambo ambalo hakuna kamanda wa zamani ambaye angelikubali: alimjibu. Mbele ya umma wote, afisa wa jeshi la serikali na mtu asiye na uso wa kundi la wapiganaji wakawa wanarushiana maneno kama majirani wanaogombana juu ya ua. Chirchir aliwaambia kwamba maisha yana mambo bora kuliko kuwapiga mawe wasichana wasio na hatia. HSM Press ikajibu kwa kuwataja punda, kwa upole wa kinafiki, ikidai kwamba watetezi wa haki za wanyama wana wasiwasi na mbinu za kivita za Meja. Siku nyingine ikasema askari wa Kenya wanakimbia vitani hata kuwazidi wanariadha wao mashuhuri. Kwa Mkenya tusi hili lilichoma: lilichukua fahari ya Iten na Eldoret na kulivalisha jeshi kama kanzu ya mzaha.

Wengine walimlaumu Chirchir kwa kumpa adui jukwaa. Mimi sikubaliani nao sana. Adui alikuwa tayari ana jukwaa, na lililompa nguvu halikuwa matusi. Lilikuwa vitambulisho. Tarehe 20 Oktoba, huko Dayniile pembezoni mwa Mogadishu, kikosi cha Burundi kilichokuwa chini ya Umoja wa Afrika kilipata pigo kubwa. Umoja wa Afrika ulisema askari 10 wamekufa. Al-Shabaab walitandaza miili hadharani na waandishi waliofika waliona makumi. Miezi miwili baadaye HSM Press ilianza kuweka picha za vitambulisho vya askari waliouawa, vyenye majina na nyuso. Huko Bujumbura na Gitega kulikuwa na familia ambazo hazikuhitaji kejeli yoyote ya Kiingereza ili kuelewa. Kundi linaloua raia, linalokata mikono, likawa katika jambo hili moja linasema kweli iliyothibitishwa, na upande wa pili unasema kumi. Njia ya mwongo ni fupi, wazee walisema. Twitter ilikuja kuifupisha zaidi.

Na Januari 2012 ikamkuta Chirchir mwenyewe njiani. Aliweka picha za mwanamume akipigwa mawe hadi kufa, akieleza kwamba ni Mkenya aliyejiunga na al-Shabaab, aliyeuawa na wenzake huko Kismayo. Picha zilikuwa za kutisha, na lengo lake lilieleweka: vijana wa Majengo na Mombasa waliokuwa wakishawishiwa kuvuka mpaka waone kinachowangoja. Lakini baadhi ya waliozitazama walikuwa wamewahi kuziona. Zilipigwa na Farah Abdi Warsameh wa shirika la AP huko Afgooye, Desemba 2009, wakati kundi la Hizbul Islam lilipotekeleza hukumu yake, na zilikuwa zimeshatunukiwa katika mashindano ya World Press Photo. Haikuwa Kismayo, haikuwa 2012, na hawakuwa al-Shabaab. Chirchir ilibidi akiri kwamba picha zilikuwa za zamani. HSM Press haikuhitaji kuongeza neno, ingawa iliongeza.

Kosa hili linanisumbua kuliko la punda, kwa sababu halikuwa la lazima. Mambo ya kweli ya al-Shabaab yalitosha kumtisha kijana yeyote, tena yalikuwa na tarehe sahihi. Ukishaweka moja lisilo sahihi, hata yaliyo sahihi yanaanza kuulizwa kitambulisho.

Baada ya hapo sauti iliyosikika zaidi ilikuwa ya Kanali Cyrus Oguna, mtu wa sentensi zilizopigwa pasi, asiyependa kubishana na kivuli. Juni 2012 Kenya ilitia saini makubaliano ya kuingiza askari wake rasmi katika AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika huko Somalia, na usiku wa kuamkia 28 Septemba 2012 majeshi yalishuka ufukweni Kismayo kutoka baharini. Oguna alitangaza habari hiyo asubuhi. Al-Shabaab kwanza walikana. Siku iliyofuata wakasema wameondoka mjini wenyewe, kwa mbinu. Kwa mara moja msemaji na uwanja wa vita vilisema kitu kimoja, na ilionekana kazi rahisi. HSM Press ilifungiwa Januari 2013 baada ya kutumia akaunti yake kutishia kuwaua mateka Wakenya.

Halafu ikaja Westgate, jengo la maduka la Nairobi lililovamiwa na al-Shabaab. Kuanzia 21 hadi 24 Septemba 2013 Nairobi yenyewe ikawa uwanja wa vita, watu 67 wakauawa, na wasemaji wakawa wengi kuliko habari. Wizara ilisema hivi, polisi vile, jeshi lile. Idadi ya washambuliaji ilitajwa kuwa 10 hadi 15. Baadaye wakawa wanne. Moshi mweusi juu ya jengo, waziri alieleza, ulitokana na magodoro. Kisha kamera za dukani zikaonyesha askari wakitoka na mifuko, na Mkuu wa Majeshi, Julius Karangi, akasema walichukua maji. Kabla Oktoba haijaisha jeshi lilitangaza kwamba askari wawili wamefukuzwa na kufungwa kwa wizi. Hapo sitakaa sana. Kila Mkenya ana Westgate yake.

Julai 2014 wadukuzi waliojiita Anonymous waliiteka akaunti rasmi ya KDF pamoja na ile ya Meja Chirchir, wakaandika humo walichotaka kwa saa kadhaa. Ilikuwa kama fumbo lililotungwa na mtu mkorofi: jina na cheo vilevile vilivyolitofautisha jeshi hili na ile sauti ya Radio Uganda, sasa vikasemewa na mtu asiyejulikana.

Kumbe jeshi lilikuwa likijifunza, na nahofia lilijifunza somo lisilo lake. Kutoka kwa punda, picha na Westgate, lingeweza kujifunza kuhakiki kabla ya kusema. Lilijifunza kusema kidogo.

Alfajiri ya 15 Januari 2016 al-Shabaab waliivamia kambi ya KDF ya El Adde, katika eneo la Gedo, kwa gari la mabomu na mamia ya wapiganaji. Taarifa ya kwanza, iliyotolewa na msemaji wa wakati huo, Kanali David Obonyo, ilisema iliyoshambuliwa ni kambi jirani ya jeshi la Somalia, na kwamba KDF walijibu shambulio. Mkuu wa Majeshi, Samson Mwathethe, baadaye alieleza kwamba mlipuko ulikuwa mara tatu ya ule wa ubalozi wa Marekani mwaka 1998. Huo ulikuwa ukubwa wa bomu. Ukubwa wa msiba haukutajwa. Mwanahabari aliyeandika mtandaoni kuhusu El Adde alikamatwa. CNN ilifanya uchunguzi wake na kutaja askari 141 waliouawa.

Tunao msemo, mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa mfichaji hakuwa mgonjwa. Waliougua walikuwa Eldoret, Kakamega, Kitui na Mwingi, wakingoja simu ziite. Katika miaka ya punda kungekuwa na Meja fulani wa kumwandikia, wa kumkasirikia, hata wa kumcheka. Sasa kulikuwa na taarifa fupi yenye nembo juu.

Wasemaji wenyewe waliendelea na maisha. Kiraithe, yule wa polisi wa 2011, alikuja kuwa msemaji wa serikali nzima, na Mei 2019 kiti hicho kikarithiwa na Cyrus Oguna, kanali mstaafu. Inaelekea shule ya Linda Nchi ilizaa walimu.

Lakini turudi kwenye msiba. Tarehe 27 Januari 2016 ibada ya kumbukumbu ya El Adde ilifanyika katika kambi ya Moi Barracks, Eldoret. Walihudhuria marais watatu: Uhuru Kenyatta, Muhammadu Buhari wa Nigeria, na Hassan Sheikh Mohamud wa Somalia. Mwezi uliofuata ni mmoja wa wageni hao, Hassan Sheikh, aliyetaja idadi akihojiwa na televisheni ya Kisomali: karibu askari 200, waliouawa asubuhi moja. Nairobi ilikanusha upesi. Idadi yake yenyewe haikuitoa.